Mazungumzo yakikwama, wanaotundikwa sokoni ni vijana

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinizidi. Leo nimerudi nikiwa na hasira kidogo, kwa hiyo mnivumilie.

Juzi nilipita kijiweni kwetu nikakuta ubishi umepamba moto. Jamaa wanapanga timu za NBA: nani atolewe, nani aletwe, fulani pamoja na fulani wapewe wale ili yule staa aje. Majina ya watu yanatajwa kama mafungu ya nyanya. Mmoja alipojaribu kusema kwamba hao nao ni binadamu na wanasikia, akazomewa: "Wanalipwa mamilioni ya dola bwana, wanalalamika nini?"

Nikanyamaza. Na mnanijua, mimi si mtu wa kunyamaza. Nilinyamaza kwa sababu kwenye jambo hili nina dhambi yangu, na leo nataka kuitubu hapa hadharani.

Februari 2019 nilikuwa fildi kwenye dawati la michezo la gazeti moja hapa Dar. Kazi yangu ilikuwa kukesha mtandaoni, kusoma wanachoandika Wamarekani, na kukiweka kwa Kiswahili kabla gazeti halijaenda mitamboni. Wiki ile dunia nzima ya kikapu ilikuwa inazungumzia jambo moja tu: Los Angeles Lakers wanamtaka Anthony Davis wa New Orleans Pelicans, na mazungumzo yamekwama. Kila siku ilitoka orodha mpya ya vijana wa Lakers waliowekwa mezani. Nami kila siku nikaitafsiri orodha, nikaweka kichwa cha habari kikubwa, nikasifiwa. Sikujiuliza hata mara moja: hii orodha katoa nani, na anapata nini kwa kuitoa?

Kwa wasiofuatilia kikapu, niwaeleze kwanza mambo yanavyokwenda, maana huku si kama kwenye soka. Kwenye soka, klabu mbili zikikubaliana bei, mchezaji naye lazima akubali. Akigoma, dili limekufa. NBA si hivyo. Timu inabadilisha mkataba wa mchezaji na timu nyingine, na mchezaji anaufuata mkataba wake. Analala Los Angeles, anaamka ni wa New Orleans. Kuwekewa kipengele cha kuzuia kuhamishwa kunahitaji uwe umecheza angalau miaka 8 kwenye ligi, minne kati ya hiyo na timu hiyo hiyo, na hata hapo ni wachache mno wanaokubaliwa. Kijana wa miaka 21 hana ubavu huo.

Tena mishahara inayobadilishwa inatakiwa ikaribiane. Davis msimu ule alikuwa analipwa dola milioni 25 hivi. Vijana waliokuwa bado kwenye mikataba yao ya kwanza hawafiki huko mmoja mmoja, kwa hiyo ukimtaka Davis inabidi uwarundike. Ndiyo maana staa mmoja akitajwa, nyuma yake wanatajwa vijana wanne, watano.

Sasa twende kwenye kisa chenyewe. Tarehe 28 Januari 2019, wakala wa Davis, Rich Paul, ambaye pia ni wakala wa LeBron James wa Lakers, alitangaza kwamba mteja wake hataongeza mkataba Pelicans na anataka kuhamishwa. Ligi ikampiga Davis faini ya dola 50,000 kwa kutoa ombi hilo hadharani. Ikumbukeni faini hiyo, nitairudia. Dirisha lilikuwa linafungwa tarehe 7 Februari, saa 9 alasiri ya New York, yaani saa 5 usiku huku kwetu. Zilibaki siku 10.

Katika siku hizo 10, Lakers walipeleka ofa baada ya ofa, na kila ofa ilijulikana mitaani kabla wino haujakauka. Lonzo Ball, miaka 21. Brandon Ingram, miaka 21. Ivica Zubac, miaka 21. Kyle Kuzma, miaka 23. Josh Hart, miaka 23. Timu karibu nzima ya vijana ilianikwa juani, na bado wana mechi za kucheza, wakiwa na jezi ya timu inayojaribu kuwatoa.

Tarehe 5 Februari wakaenda kucheza Indianapolis. Ingram akasimama kwenye mstari kurusha mitupo ya adhabu. Uwanja mzima ukaanza kuimba kwamba LeBron atamuuza. Hebu fikirieni. Kijana wa miaka 21, maelfu ya watu wanamwimbia kwamba mwenzake, anayevaa naye chumba kimoja, anamuuza. Lakers walifungwa 136 kwa 94. Pointi 42! Hakuna mechi ambayo LeBron amewahi kufungwa kwa pengo kubwa kuliko hilo tangu aanze NBA hadi siku ile. Picha ikazunguka dunia nzima, LeBron amekaa benchi peke yake, viti kadhaa vitupu, vijana wako kule mbali.

Nisiwe mwongo, Lakers walikuwa wameanza kuyumba kabla ya hapo, tangu LeBron alipoumia siku ya Krismasi 2018. Siwezi kusema orodha zile peke yake ndizo zilizowaua. Lakini mtu yeyote aliyetazama mechi ile ya Indianapolis aliona watu ambao akili zao haziko uwanjani. Wangekuwaje uwanjani, wakati kila wakishika simu wanaona bei zao?

Saa 5 usiku ikafika. Dirisha likafungwa. Davis hakwenda popote. Zile siku 10 zote, yale majina yote, BURE. Zubac ndiye aliyeondoka siku ile ile, lakini kwenda Clippers, kwenye dili jingine kabisa lisilomhusu Davis, na huko akaja kuwa nguzo ya timu kwa misimu kadhaa. Waliobaki wakaambiwa warudi kazini kama vile hakuna kilichotokea. Magic Johnson, aliyekuwa rais wa Lakers upande wa kikapu, aliwaambia waandishi siku chache baadaye kwamba Pelicans hawakuzungumza kwa nia njema, na kwamba vijana wake ni watu wazima kazini, wasitendewe kama watoto wachanga. Hewaa! Watu wazima kazini. Mtu mzima kazini huambiwa jambo linalomhusu kabla halijafika kwa majirani, au siyo Magic?

Hapa nataka nieleweke vizuri. Sisemi mazungumzo kukwama ni dhambi. Pelicans walikuwa na kila sababu ya kutokuwa na haraka. Mkataba wa Davis ulikuwa unamfunga hadi kiangazi cha 2020. Boston Celtics nao walikuwa wanamtaka, ila kanuni ziliwazuia kumchukua kabla ya Julai, kwa kuwa Kyrie Irving alikuwa na mkataba wa aina ile ile ya Davis na wakati ule timu haikuruhusiwa kuwaleta wawili wa namna hiyo kwa mabadilishano. Muuzaji anayejua kwamba mteja wa pili anakuja hauzi leo. Hata mama muuza samaki wa Feri anaijua hesabu hiyo.

Na subira yao iliwalipa, japo haikumlipa meneja mkuu wao, Dell Demps, aliyefukuzwa tarehe 15 Februari. Magic naye aliacha kazi tarehe 9 Aprili. Tarehe 14 Mei, Pelicans wakiwa na nafasi ya asilimia 6 tu, wakashinda bahati nasibu ya kuchagua chipukizi wa kwanza, ambaye alikuwa Zion Williamson. Tarehe 15 Juni wakakubaliana na Lakers: Davis aende, waje Ball, Ingram na Hart, pamoja na chaguo la 4 la mwaka ule na machaguo mengine ya miaka ya mbele. Lakers wakachukua ubingwa Oktoba 2020. Ingram huko New Orleans akawa mchezaji wa mechi ya nyota wa ligi mwaka 2020 na akatunukiwa tuzo ya mchezaji aliyepiga hatua kubwa zaidi msimu ule.

Mtu atasema: sasa unalalamika nini, si kila mmoja alipata? Lakini nitazameni vizuri hiyo hesabu. Dili la Juni lilifungwa na mtu mwingine kabisa upande wa Pelicans, David Griffin, wakati msimu umeisha na vijana wako likizo. Zile kelele za Februari hazikulisogeza hata inchi moja. Kilicholisogeza ni muda, bahati nasibu, na meneja mpya. Kwa hiyo vijana walianikwa kwa faida ya nani?

Nitawaambia kwa faida ya nani. Mazungumzo yakikwama, kila upande unatafuta kumshinikiza mwenzake. Anayenunua anataka mashabiki wa muuzaji waone ofa ni nono, waanze kupiga kelele. Anayeuza anataka wateja wengine wasikie bei, wapande dau. Wakala anataka staa wake aonekane anagombaniwa. Wote watatu wana sababu ya kuvujisha, na risasi ya wote watatu ni ile ile moja: majina ya vijana ambao hawamo kwenye mazungumzo. Na anayebeba risasi hiyo kutoka bunduki moja hadi nyingine ni nani? Ni mwandishi wa habari. Ni MIMI, pale dawati la michezo, na kikombe changu cha chai ya rangi.

Sasa turudi kwenye ile faini. Davis alisema anataka kuondoka, akatozwa dola 50,000. Waliotaja majina ya vijana watano walibaki kuwa "chanzo cha karibu na mazungumzo". Hawana sura, hawana jina, hawana faini. Mchezaji akitumia mdomo wake mwenyewe kusema hatima yake mwenyewe ni kosa. Mtu asiye na jina akitumia jina la kijana kupandisha bei ni biashara. Hii ni haki ya wapi, jamani?

Msidhani ni kisa cha mara moja. Mwaka 2023, Damian Lillard aliomba kuondoka Portland tarehe 1 Julai, na wakala wake akaweka wazi kwamba wanataka Miami tu. Portland na Miami wakakwama, karibu miezi mitatu. Mwishoni mwa Julai ligi ikatuma waraka kwa timu zote kumwonya Lillard na wakala wake kuhusu kauli za kwamba hatacheza kwingine kama inavyotakiwa. Sawa, onyo lilikuwa la haki, mkataba ni mkataba. Lakini kiangazi hicho chote kijana wa Miami, Tyler Herro, miaka 23, alikuwa anasoma kila siku kwamba yeye ndiye chambo, na tena kwamba chambo chenyewe Portland hawakitaki. Tarehe 27 Septemba Lillard akapelekwa Milwaukee, Herro akarudi mazoezini Miami. Waraka wa kumlinda Herro mmewahi kuuona?

Najua majibu yenu. La kwanza ni lile la kijiweni: wanalipwa. Ndiyo, wanalipwa, tena sana kuliko mimi na ninyi. Lakini mshahara ni malipo ya kucheza kikapu. Hakuna mahali kwenye mkataba palipoandikwa kwamba sehemu ya mshahara ni fidia ya kuimbiwa na uwanja mzima kwamba unauzwa. Wewe unayesoma hii ukiwa ofisini, bosi wako akibandika jina lako getini, "huyu tunampeleka tawi la Sumbawanga wakikubali kutupa mhasibu wao", halafu Sumbawanga wakatae, kesho utafanya kazi na moyo gani? Utasema si kitu kwa sababu mshahara wako ni mzuri?

Jibu la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa waandishi wenzangu. Wanasema umma una haki ya kujua, na siri ndiyo inayolea uovu. Hoja hii nimeikubali miaka mingi. Ila hebu tuipime kwa kisa kimoja. Usiku wa tarehe 1 Februari 2025, Lakers walimpeleka Anthony Davis, huyu huyu, Dallas, wakamchukua Luka Dončić. Staa kwa staa, timu tatu zikihusika, pamoja na Utah. Mameneja wakuu, Rob Pelinka wa Lakers na Nico Harrison wa Dallas, walikuwa wamezungumza kwa wiki kadhaa, na halikutoka neno. Si wachezaji waliojua, si mashabiki. Habari ilipotoka watu walidhani akaunti ya mwandishi aliyeitoa imeibiwa!

Mashabiki wa Dallas waliumia na wakaandamana, na Novemba 2025 Harrison alifukuzwa. Dili lenyewe silitetei. Ninachosema ni hiki: dili kubwa kuliko yote ya miaka hii lilikaa kimya wiki kadhaa kwa sababu wakubwa WALITAKA likae kimya. Na Pelinka ni yule yule aliyekuwa meneja mkuu wa Lakers mwaka 2019. Kwa hiyo wasituambie kwamba uvujaji ni kama mvua, unatoka mbinguni. Wakitaka kufunga mdomo, wanaufunga. Mdomo ukiwa wazi, ujue kuna anayenufaika. Na habari anayokupa mtu kwa sababu inamnufaisha, bila jina lake, si siri ya wakubwa uliyoifichua. Umetumwa tu, bila hata nauli.

Sisi Watanzania tungetakiwa kulielewa hili kabla ya wengine. Kijana wetu Hasheem Thabeet alichaguliwa wa 2 kwenye NBA mwaka 2009, na Memphis Grizzlies, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Tarehe 24 Februari 2011, siku ya kufunga dirisha, akapelekwa Houston kwenye dili la kumchukua Shane Battier. Machi 2012 akapelekwa Portland pamoja na Jonny Flynn, akaja Marcus Camby. Agosti 2014 Oklahoma City wakampeleka Philadelphia, na Philadelphia wakamwachia baada ya siku chache tu, bila kuvaa jezi yao kwenye mechi hata moja. Kila alipohamishwa huku nyumbani tulicheka. Tukahesabu waliochaguliwa baada yake, James Harden wa 3, Stephen Curry wa 7, tukatikisa vichwa. Ni wangapi kati yetu tuliwahi kuandika mstari mmoja kuhusu kijana wa Dar anayefungasha virago mara tatu kwa sababu ya mazungumzo ambayo hakuitwa? Mimi nimetafuta kwenye maandishi yangu ya ujanani. Sikuona kitu.

Basi ninachotaka ni nini? Kwa ligi, nataka kitu kimoja: kama kuomba uhamisho hadharani kuna faini, basi na timu ambayo ofa zake zinavuja ichunguzwe na itozwe, na iwe faini ya kuuma, kwa sababu dola 50,000 kwa tajiri mwenye timu ni hela ya soda. Wanachama wa kulidai hilo wapo, ni chama cha wachezaji, na mkataba wao na ligi hujadiliwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Walidai mishahara wakapata. Wadai na hili.

Kwa waandishi wenzangu, hasa ninyi wadogo mnaokesha kutafsiri Februari ikikaribia: andikeni kwamba timu mbili zinazungumza. Andikeni kwamba zimekwama na kwa nini, mishahara, kanuni, mteja wa pili anayesubiriwa. Hiyo ni habari, tena ngumu kuiandika kuliko orodha. Lakini orodha ya vijana "waliowekwa mezani", kutoka kwa mtu asiyetaka jina lake lijulikane, iacheni. Mhariri akikuuliza kwa nini huna majina, mwambie huna chanzo chenye jina. Utakosa sifa usiku mmoja. Mimi nilizipata sifa hizo, na sikumbuki hata neno moja la zile pongezi. Ninachokumbuka ni sauti ya ule uwanja wa Indianapolis.

Na ninyi wa kijiweni, endeleeni kubishana, ubishi ni afya. Ila mkimtaja kijana wa watu kwenye biashara zenu, mtajeni kama mtu. Anasikia.

Nisiwachoshe. Mwenye hoja ya kunipinga anipinge, mlango uko wazi, matusi tu ndiyo sitaki. Naomba kuwasilisha.